Mtani wa Gwatidzo

Enosi Mazvimba alikuwa na kijicho, tena si cha kitoto. Kilianza tangu yeye na Jairosi Gwatidzo walipoajiriwa katika wiki ile ile kwenye gazeti dogo la mji wa Mutare, wakapewa meza moja na taipureta moja. Asubuhi hii ya kumzika Jairosi kijijini kwao, kijicho kilikuwa kingali kizima kuliko mwenye nacho, ambaye siku hizi magoti yalimsumbua.

Tuseme haki: Enosi ndiye aliyejua kuandika. Sentensi za Jairosi zilichechemea. Lakini Jairosi alikuwa na tabia moja. Hakuchapisha maneno ya mtu kabla ya kurudi kwake kumsomea. Bibi akisema kisima kimekauka, kesho yake Jairosi yuko kwenye basi, anakwenda kumsomea: "Ndivyo ulivyosema, ambuya?" Habari ilichelewa, mhariri akafoka, na bibi akamfungia karanga. Mji mzima ulimpenda kwa hilo. Enosi akijitambulisha sokoni, wauza nyanya walimuuliza, "Aa, ndiwe unayefanya kazi na Gwatidzo? Tusalimie mwenzio basi." Miaka thelathini na tano mtu anabeba salamu za mwenzake!

Lililomkaa kooni hasa ni daraja. Mwaka ule mto ulipozoa daraja pamoja na lori la harusi, Jairosi alirudi ofisini na daftari limelowa, akakaa analia, mkono hauandiki. Enosi akalichukua daftari, akaiandika habari tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mhariri akaweka jina la mwenye daftari. Watu waliikata habari ile wakaibandika kuta za nyumba zao. Enosi alinyamaza, akangoja siku yake.

Siku yenyewe ndiyo hii. Ukoo wa Mazvimba na ukoo wa Gwatidzo ni watani tangu enzi za mababu, na msibani mtani hafungwi mdomo. Huvaa koti la marehemu, humwigiza, humtukana, na hakuna wa kumwambia koma.

Akatokea ndani ya koti la Jairosi, kalamu sikioni, akalizunguka jeneza.

"Mimi ndiye Gwatidzo! Habari nimechelewa nayo tena, lakini karanga nimepewa!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Enosi akaligeukia jeneza.

"Nyani mkubwa we!" Maana nyani ndiye mnyama wa ukoo wa Gwatidzo. "Unazikwa kama chifu, nani kakwambia ulijua kuandika? Ile habari ya daraja niliandika mimi!"

Kicheko kikazidi. Mama mmoja akajishika mbavu.

"Nasema kweli! Nimekuonea wivu mpaka nikakonda!"

"Ulikonda lini, na tumbo hilo?" sauti ikauliza kutoka nyuma, na watu wakaangukiana.

Enosi akaacha kuigiza. Akaitoa kalamu sikioni. "Jamani, hapa sitanii. Niliiandika mimi. Kila neno."

"Mtani huyu kiboko," mzee mmoja akasema huku akifuta machozi.

Ndipo mama Rutendo, mjane wa Jairosi, akainuka kwenye mkeka. Yeye hakuwa anacheka.

"Ni kweli," akasema. "Iliandikwa na Enosi. Baba Rutendo aliniambia mwenyewe, na alimwambia kila mtu."

"Hata sisi alituambia!" bibi mmoja akadakia. "Kila tukimsifia lile daraja, anasema, 'Kaandika Enosi.' Tukasema, mtu gani huyu, hata sifa zake anampa mwenzake! Tukazidi kumpenda."

Enosi akaligeukia tena jeneza. Kumbe mwaka baada ya mwaka Jairosi alikuwa akimpa haki yake, kijiji kwa kijiji, na kila alipoitoa ikamrudia yeye mwenyewe pamoja na nyongeza. Wivu ukampanda Enosi upya, mbichi, wa moto, mbele ya maiti ya mtu. Alitamani kulipigapiga lile jeneza Jairosi aamke wagombane. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeamini kwamba ugomvi wake si utani.

Akafungua kinywa amtukane. Kilichotoka ni kilio, kikubwa, cha mtu mzima aliyefiwa, na koti likatikisika mabegani mwake.

"Mwoneni anavyojua kuigiza," watu wakasema, wakacheka tena.