Mjomba Aliyeitwa Shuleni

Nakumbuka siku moja, enzi za Wadachi, nilipomcheka mwalimu mlangoni pangu nikajiona mjanja. Ujinga kama ule, mwanangu, sijauona tena, nami nimeufanya mwingi.

Nilikuwa kijana ambaye safari ilimchosha kabla hajavaa kanzu. Na sisi Wazigua, unajua, mtoto humsikiliza mjomba kuliko baba. Mhina, mtoto wa dada yangu, alisoma shule ya serikali pale Korogwe, ng'ambo tu ya mto. Alikuwa fundi wa kuiga watu. Jioni aliniigizia mwalimu wake anavyotembea na kukohoa, nami nacheka hadi machozi: "Rudia, mjomba!"

Mwalimu, kijana mpole wa Tanga, akanijia.

"Baba yake kanielekeza kwako. Mtoto ananiiga darasani, wenzake hawasomi tena. Njoo kesho tukae naye, sote watatu. Bwana shauri, yule Mdachi mkuu wa wilaya, akija kukagua akayaona haya, sitaweza kumwokoa."

"Mwalimu mzima unashindwa na kitoto? Basi nipe mimi huo mshahara wa Mdachi!"

Hakucheka. Aliondoka bila kunywa hata maji. Kesho yake sikwenda. Niliona jua kali.

Bwana shauri akaja. Mhina akamwiga, kifua mbele, mkono kiunoni, darasa zima likaangua kicheko. Alichapwa viboko vya watu wazima, mwalimu akimwombea msamaha bure. Tulimleta nyumbani kwa machela. Vidonda vikaoza, homa ikampanda, tukamzika. Dada yangu hakunitukana. Hakunisemesha tena, basi, mpaka akafa.

Kwa hiyo, mwanangu, mwalimu akikuita, nenda, hata kama kazi ya kukaa barazani imekubana. Usicheke nyumbani kile mtoto anachokatazwa darasani. Kaeni naye pamoja, wewe na mwalimu, asikie neno moja kwenu nyote, tena mapema, kabla hajaangukia mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina. Mungu akujalie watoto wasikivu, na wewe akupe miguu myepesi.

Mimi sikuombewa dua ya namna hiyo. Siku ya matanga, Mama Sefu, jirani yangu, alinikuta uani nimejiinamia. Akasimama, akaniambia, "Acha kujiliza. Dada yako amebakiwa na mtoto mmoja; huyo naye utamchekea?"