Niliosha Kisichokuwa Uchafu

Kosa ni langu peke yangu, wala sitafuti mtu wa kugawana naye. Nawaandikia akina mama wenzangu kwa sababu aibu yake imekwisha kupoa, na sasa naweza hata kuicheka kidogo.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa na Kilatini katika shule moja ya sekondari hapa Kalemie. Kazi yangu ni maneno: neno limetoka wapi, lina maana gani, limekaa mahali pake au limepotea. Wanafunzi wananiogopa kwa hilo. Laiti wangalijua!

Tangu tuoane, mimi na mume wangu tulitamani mtoto. Yeye huendesha lori la saruji kutoka Kabimba. Mama yake anaishi Mpala, na kila salamu aliyotutumia ilikuwa na swali moja ndani yake.

Sasa sikilizeni. Kila mwezi, kati ya hedhi moja na nyingine, nilitokwa na ute mwepesi, usio na rangi wala harufu, unaovutika kama ute wa yai bichi. Dada yangu mkubwa alinifundisha tangu usichana kwamba huo ni buchafu. Kwetu haukuwa na jina jingine. Nami, mtu wa maneno, nikalichukua neno kama lilivyo. Kama ni uchafu, basi huoshwa! Nikaosha mpaka ndani, kwa sabuni na maji ya ndimu. Mume wangu akinikaribia siku hizo, namwambia asubiri nitakate kwanza.

Alisubiri. Kisha akachoka. Akaanza kulala sebuleni, akawa anapokea hata safari za wenzake, na siku moja akaniuliza taratibu kama nina mtu mwingine. Mimi! Nilikasirika, nikanyamaza, maana kujitetea kulitaka nilitaje lile jambo.

Ndipo mwili wenyewe ukanijibu. Ute ukageuka wa kijivu, wenye harufu ya samaki, nikawashwa hata nisiweze kutulia darasani. Nami nikafanya nini? Nikaongeza ndimu.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alinipima, akaniandikia dawa, akasema kwamba sabuni na ndimu ndivyo vilivyovuruga kinga ya mwili wangu. Kisha akauliza nilikuwa naosha nini hapo mwanzo. Nikamweleza. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, ile ya kuvutika haikuwa bugonjwa. Ile njo alama kwamba yai iko karibu kutoka. Njo siku za kupata mimba. Sasa weye unatafuta mutoto, na siku zile zenyewe unafukuza bwana?"

Nikaikunja karatasi ya dawa, nikashika njia ya nyumbani.

Mume wangu nilimweleza tukiwa mezani. Aliendelea kutafuna, akameza, akanywa maji.

"Prof," akasema, maana ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza, "mie niliwaza umepata muntu mwenye lori kubwa kupita yangu."

Tulicheka mpaka nikalia. Mtoto bado hatujampata, na daktari hakutuahidi kitu. Kama ni ndimu zilizotuchelewesha au ni jambo jingine, sitajua kamwe, na hilo linaniuma kuliko kicheko kinavyoonyesha.

Basi, dada zangu, ute mwepesi wa katikati ya mwezi, mzito mweupe kabla ya damu, hata wa kahawia damu inapomalizika, mara nyingi ni mwili unaofanya kazi yake. Nje tumieni maji. Ndani acheni pajisafishe. Lakini ute ukinuka vibaya, ukiwasha, ukiwa wa kijani au wa kijivu, ukiganda kama maziwa yaliyochacha, au tumbo la chini likiuma, au damu ikitoka isipotarajiwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msipite sokoni kununua ndimu. Na mwenye kutaka kumhamishia mume sebuleni, aulize daktari kwanza. Pengine siku hiyo ndiyo ya kumwita chumbani.