Chupa Zinalala

Wenzake hotelini walimwita Mama Kizibo, na jina hilo hakulichukia. Alianza kazi pale akiosha glasi. Mhudumu mzee aliyesimamia mvinyo alikuwa haoni vizuri tena, akawa anamwita amsomee lebo, naye akamlipa kwa elimu kwa miaka sita. Alimfundisha kulaza chupa ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa, kuziweka gizani mbali na joto, kumimina glasi isifike nusu, na kunusa kabla ya kumpa mtu yeyote. Mzee alipostaafu, ufunguo wa stoo ya chini ukabaki kwa Mama Kizibo.

Kunywa hakunywa. Alionja, akatema, akasukutua. Dada yake alimwambia kazi hiyo inaitia familia aibu.

"Aibu ni kufanya kazi usiyoijua," alimjibu.

Kisha akaja meneja mpya, mtu wa suti na haraka. Akataka mvinyo bora upandishwe ukumbini, chupa zisimame kwenye rafu ya vioo kando ya dirisha kubwa.

"Hapo jua linapiga tangu saa sita," Mama Kizibo alisema. "Utaharibika."

"Ni pambo, mama. Biashara ni macho."

"Basi weka maua."

Meneja akatuma watu. Mama Kizibo akakataa kuwafungulia, wakafungua kwa ufunguo wa akiba na kubeba chupa arobaini. Kwenye daftari la stoo akaandika: "Zimetolewa bila ridhaa yangu," akatia sahihi.

Miezi saba baadaye kulikuwa na chakula cha mchana cha kumuaga daktari mmoja aliyestaafu. Meneja akaagiza zifunguliwe zile za dirishani. Kizibo cha kwanza kilikatika vipande, na harufu ya siki ikampanda Mama Kizibo puani. Chupa ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu pia.

"Mimina," meneja alimnong'oneza. "Hawa hawajui tofauti."

"Mimi najua."

"Nakuamuru."

"Mdomo ni wako, mkono ni wangu. Mgeni wangu simpi siki."

Akazimwaga zote tatu kwenye sinki mbele yake, akashuka stooni, akapanda na zilizokuwa zimelala. Wageni wakanywa, wakasifu, wala hawakujua kilichopita nyuma ya mlango.

Kesho yake akapewa barua ya kuhamishiwa kufua. Mstari wa mwisho ulisema kwamba anakiri kosa lake. Akaukata kwa kalamu, akasaini barua iliyobaki.

Mashuka ya hoteli ni mazito yakilowa, na mvuke wa pasi haujui cheo cha mtu. Mikono ilimvimba. Mumewe, fundi viatu, alimhurumia.

"Muombe radhi yaishe. Maneno mawili hayavunji mfupa."

"Wako hayauvunji. Wangu yatauvunja."

Huko juu aliyeshika nafasi yake alipeleka mezani mvinyo mwekundu wa vuguvugu, na mweupe ulioganda kwa barafu. Chupa zikaanza kurudishwa. Mgeni mmoja akamwambia meneja, watu wakisikia, kwamba alichopewa kinafaa kutiwa kwenye saladi.

Mwezi wake wa tano wa kufua, meneja akashuka kwa wafuaji.

"Rudi kazini," alisema. "Omba tu radhi, tulimalize."

"Nilikosa nini?"

Meneja akatazama mashine inavyozunguka.

"Zirudishe chini chupa zangu," Mama Kizibo akasema, "na ufunguo wa akiba nikae nao mimi. Vinginevyo niache, nina foronya sitini hapa."

Meneja akaondoka amenuna. Ilimchukua siku tisa kukubali. Siku ya kumi wapagazi wakazishusha chupa, na Mama Kizibo akawafuata akiwa bado na aproni ya kufulia. Akafungua moja baada ya nyingine, akinusa na kutema. Nyingi alizimwaga. Rafu ya dirishani sasa ina chupa za maji ya rangi, na wageni wanazipiga picha.

Radhi haikuombwa na upande wowote. Wanasalimiana kila asubuhi, na meneja akitaka kuingia stoo ya chini, anabisha hodi.