Mnafu Usio na Bluu

Juzi, katika soko la Rau mjini Moshi, muuza mboga alinicheka. Nilikuwa nimeinamia fungu lake la mnafu, nageuza jani moja moja, mbele na nyuma, hadi akachoka kunitazama. "Dada, unatafuta nini humo? Mdudu?" Nikamwambia natafuta bluu. Akanikodolea macho, na simlaumu. Mtu mzima na watoto wangu, moyo unanidunda kisa fungu la mboga!

Ngoja nikusimulie, maana wewe utanielewa.

Nililelewa Mwika, kwenye kihamba cha bibi, mama yake baba, shamba linaloizunguka nyumba. Kilikuwa kama vihamba vingine vyote: migomba juu, kahawa chini ya migomba, na chini ya kahawa mnafu uliojiotea wenyewe, mboga chungu ya majani madogo. Mwisho wa masika, baridi ya Juni ikianza kutubana na ukungu unakaa hadi saa nne, mnafu unakuwa umekomaa na uchungu wake umezidi. Wengine waliuacha. Bibi ndiyo kwanza aliupenda. Alichuma ncha tu bila kung'oa, na kila alipochuma alitafuna jani bichi. Akishatafuna ndipo anajua: huu wa leo tumwage maji ya kwanza, tutie magadi kidogo na maziwa mengi, huu mwingine ukae kando ya kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Tulikula na magimbi ya kuchemsha, macho yanatutoka machozi kwa moshi wa kuni za kahawa. "Anayekunja uso aniachie bakuli," bibi alikuwa akitutania, nasi tulikunja uso na kuomba tuongezwe.

Sasa hiyo bluu. Miaka ile baba alipiga kahawa dawa ya mrututu iliyokuwa ikitolewa na chama cha ushirika. Ilikuwa bluu hasa. Ilichafua majani, mikono, hata kofia ya baba, na mnafu wa chini ulidondokewa madoa. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Ukiona bluu, unasubiri mvua kubwa ioshe. Usipoiona, unachuma. Majirani wote waliishi hivyo.

Kisha biashara ikawa huria. Chama kikabaki na ghala tupu, maduka ya dawa yakachipuka mjini Moshi, na baba akarudi na chupa isiyo na karatasi ya maelezo, ndani yake kitu cheupe kama maji. Akapiga kahawa jioni, asubuhi akashuka mjini. Hakusema. Aseme nini? Maisha yake yote hajawahi kuhitaji kusema, bluu ilisema.

Asubuhi hiyo bibi akachuma, huku anatafuna kama kawaida yake. Vikonyo vyake tukamtupia mbuzi nyuma ya jiko. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, nimeshapuliza kijiko, ndipo nikamsikia mbuzi analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena mpaka leo. Nikachungulia. Miguu ilikuwa inatetemeka, povu linamtoka, mara akaanguka. Bibi akamtazama mbuzi, akatazama bakuli langu, akalipiga kwa kiganja hadi maziwa ya moto yakaruka ukutani.

"Msile! Ruwa wangu, msile!"

Bibi hakuwa mtu wa kutupa hata ganda la ndizi, na sasa alikuwa anapiga teke chungu kizima huku anamwita Mungu kwa Kichagga. Nilidhani amerukwa na akili. Kumbe mate yalikuwa yameanza kumtoka yeye mwenyewe, na jasho, katika baridi ile.

Jirani yetu na wanawe walimbeba hadi hospitali. Baba alifika mchana, kofia mkononi, ile ile yenye madoa ya zamani ya mrututu. Bibi akafumbua macho kwa shida.

"Mwanangu, mbona haikuwa na rangi?"

Baba akaitazama kofia yake, akaanza kuyasugua yale madoa kwa kidole gumba. Jambo hilo lilinitisha kuliko mbuzi.

Bibi alipona, tukamshukuru Mungu kanisani. Lakini siku ya soko nilimwona anajifunga kanga, anachukua kikapu. Nikamfuata. Rafiki yangu, nilishikwa na bumbuwazi: bibi yangu alikuwa anapatana bei ya mnafu! Kihambani kwake mnafu umejaa mpaka unakanyagwa, na yeye ananunua wa mtu mwingine, kana kwamba huo wa sokoni umeshuka kutoka mbinguni. Wanawake wenzake waliacha kuuza wakamtazama. Aliinamisha kichwa, akalipa, tukarudi nyumbani.

Baadaye bei ya kahawa ikaanguka na baba akakata mibuni yote. Dawa haikupigwa tena. Mnafu uliendelea kuota pale pale, mzuri, na bibi hadi anafariki alipita kando yake akiwa ameikusanya sketi yake isiuguse, kama mtu apitaye karibu na mbwa aliyewahi kumng'ata. Aliliogopa shamba lake mwenyewe. Jambo hilo sijalizoea mpaka leo.

Fungu la Rau nililinunua. Bluu sikuiona, na kutoiona ndiko kulikoniogopesha zaidi. Nikauosha mnafu maji matatu, nikabandika maziwa jikoni. Kisha nikachagua jani moja bichi, dogo, nikalipeleka mdomoni nijue uchungu wake, kama bibi. Lilifika kwenye midomo. Meno yakakataa kufunguka.