Jiwe Kubwa, Jiwe Dogo

Mwezi uliopita jirani yangu alibandua gome la mti ili atengeneze mzinga wa nyuki. Akaliweka juu ya moto lilainike, na harufu yake ikaingia kwangu bila kupiga hodi. Ni harufu ya utomvu na moshi, chungu kidogo kooni. Niliacha mchele niliokuwa nikiuchagua, nikakaa tu. Wajukuu waliuliza kama naumwa. Nikawaambia ni kizunguzungu, maana huwezi kuwasimulia mto mzima watu wanaosubiri wali.

Sisi ni watu wa Newala, juu mlimani, ambako maji yalikuwa na heshima kuliko nyama. Mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, mtungi kichwani, na mtoto aliyemwaga kata moja alikumbushwa kosa hilo mpaka siku ya harusi yake. Uso tuliuosha kwa kiganja kimoja. Miguu ilisubiri masika. Kwa hiyo mjomba wangu alipokuja kutoka kando ya mto Ruvuma, akasema anataka mtoto mmoja akajifunze kupiga kafi ili amsaidie uvuvi, bibi yangu aliangua kicheko, kisha akakikata ghafla na kutuangalia sisi watoto. Jicho lile ndilo lililonitia wasiwasi.

Mjomba Nangundu, kaka yake mama, alikuwa pande la mtu, mwenye shingo nene na maneno machache. Siku hizo picha ya Malkia wa Uingereza ilikuwa bado mpya ukutani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, nami nilikuwa na miaka kama kumi. Alitupanga uani watoto wanne, akatuinua mmoja mmoja kwa kwapa, akitupima uzito kama mtu anayenunua jogoo. Aliponishusha mimi akasema, "Huyu, Somoe." Mama hakupinga. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema, amesema.

Jioni ile bibi alinivuta jikoni. Aliniambia kwamba zamani, mwaka wa njaa, dada yake mwenyewe alitolewa na mjomba wao kwa wasafiri, wakampa chumvi na shuka moja. Hakuonekana tena.

"Sikwambii mjomba wako ni mbaya," alisema bibi, akichochea moto usiohitaji kuchochewa. "Ila kikulacho ki nguoni mwako. Fumbua macho, mjukuu wangu."

Basi niliyafumbua mpaka yakauma. Na kitu cha kwanza nilichokiona tulipofika kwa mjomba ni nyavu zake, zimetundikwa chini ya paa, zimekauka, buibui wamejenga ndani. Mvuvi gani huyo?

Siku tatu za mwanzo sikugusa maji. Mjomba aliuweka mtumbwi mchangani, akaniamuru nipige magoti ndani yake na kupiga kafi hewani. Ulikuwa mtumbwi wa gome moja la mti, limekunjwa kwa moto na kushonwa ncha zote mbili, mwepesi kiasi kwamba hata mimi niliweza kuuburuta. "Mtu wa mlimani haanzi maji kwa maji," alisema. Watoto wa pale walikuja kutazama, wakacheka mpaka wakachoka, wakaenda zao.

Juma lililofuata tuliingia kwenye kidimbwi cha kuchotea maji, kilichozungushiwa uzio wa miti ili mamba wasipite. Hapo nilijua kwamba mtumbwi wa gome hauna msamaha: ukigeuka kumtazama ndege, umelowa. Nilijifunza kukaa katikati na kutuliza kiuno. Nilijifunza kupiga kafi upande mmoja bila kuzunguka, kila pigo nikilimalizia kwa kusukuma maji kidogo nje. Nilipoanza kujisifu, mjomba alikuja kwa nyuma akanipindua bila neno. Nilimeza maji mengi kuliko niliyokuwa nikinywa kwa juma zima kule kwetu. Nilipoibuka nikikohoa, yeye alikuwa amesimama, maji kifuani, amekunja mikono.

"Usipandie ubavuni, utaupindua tena. Nenda nyuma. Lala kifudifudi, utambae."

Alinipindua mara sita siku ile. Mtu anayekupenda, nilijiambia, hukupindua mara moja, au mbili kama amesahau ile ya kwanza.

Kisha tukaingia mtoni kwenyewe. Mvua zilikuwa zimekwisha, lakini maji yalikuwa bado mengi na yenye rangi ya udongo, na pale kwa mjomba mto ulibanwa na kingo, ukapita kwa nguvu. "Usibishane nao," alisema. "Upe bega." Yaani uelekeze pua ya mtumbwi juu kidogo, kule mkondo unakotoka, upige kafi bila pupa, na mto wenyewe utakusogeza ng'ambo. Siku nilipoweza nilifurahi hata nikasahau kumshuku mpaka wakati wa chakula. Kesho yake akapakia mawe. Jiwe kubwa katikati, jiwe dogo mbele yake, na yeye akabaki ukingoni. Siku nne nilikwenda na mawe yale hadi katikati ya mto na kurudi nayo.

"Ya nini haya, mjomba?"

"Mawe yenyewe hayaulizi," alijibu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi yangu yalikuwa yametanda pande zote. Nikakata shauri: nitajifunza vizuri kuliko anavyotaka yeye, ili siku ya kuuzwa nijirudishe mwenyewe.

Siku hiyo ikafika. Ilikuwa asubuhi, umande ungali kwenye matete. Tulivuka wawili, na kwa uzito wake maji yalibakiza kidole kimoja tu yaingie ndani. Ng'ambo ile ilikuwa nchi ya Mreno. Mjomba alishuka, akapiga mluzi mdogo, na kwenye matete akatokea mwanamke aliyejitanda kaniki gubigubi. Alinishika mikono, akaiminya karibu na mabega.

"Mbona mdogo hivi?"

"Mdogo, lakini anaweza," alisema mjomba. "Ndiye huyu."

Sikungoja kuiona chumvi. Nilijichomoa, nikausukuma mtumbwi majini, nikatambaa kwa nyuma kama nilivyofundishwa, nikashika kafi. Nilitazamia kelele. Mjomba, aliyezoea kunifokea hata nikipiga chafya, hakutoa sauti. Kimya chake nikakifanya ushahidi, maana mwizi hapigi yowe. Niliupa mto bega, nikavuka peke yangu kwa mara ya kwanza, na sijawahi kujivunia jambo kama nilivyojivunia lile.

Nilipofika upande wetu niligeuka niwaone walionikosa. Mwanamke alikuwa ameketi mchangani. Alishusha kaniki, akamtoa mtoto mchanga mgongoni, akampa ziwa. Hapo hesabu yangu ikakataa. Anayekuja kununua mtoto haji na kichanga. Na namna alivyokiinamia, shingo imelalia bega la kushoto, niliijua. Ndivyo mama yangu alivyowanyonyesha wadogo zangu wote.

Sitawadanganya kwamba nilirudi mara moja. Nilikaa nikiwatazama, kafi mapajani, nikitafuta hila iko wapi. Umande ulikauka wote nikiwa bado natafuta. Ndipo nikarudi.

Mjomba hakunigombeza. Alimketisha mwanamke katikati, mtoto mbele yake, nami nikayatambua mawe yangu. "Wafikishe, kisha urudi unichukue," alisema, akatusukuma.

"Unakunja uso kama mama yako," mwanamke aliniambia tulipofika kwenye mkondo. "Mimi ni Fatu. Mama yako mdogo."

Alikuwa ameolewa kule kabla sijazaliwa. Mumewe alichukuliwa kwenda kazi ya lazima, hakurudi, naye akaachwa akilima pamba chini ya fimbo, kichanga mgongoni. Mtumbwi haukuweza kumbeba yeye pamoja na mjomba. Mvushaji mwingine angesema kwa askari wa Mreno, walewale ambao kelele ya mjomba ingewaita. Ilihitajika damu yetu, tena iliyo nyepesi. Na mjomba hakuniambia kwa sababu watoto wa Newala tulikosa maji tu, maneno tulikuwa nayo tele.

Niliwashusha, nikageuza. Nilipofika katikati ya mto niliwaona askari wawili ng'ambo, wamesimama juu ya mjomba. Yeye alikuwa ameketi ametulia kama mtu aliyechoka na safari, na mkono wake mmoja, chini karibu na mchanga, ulikuwa unanifukuza: rudi, rudi. Nikarudi. Niliposhika ukingo nililia hata mama mdogo akashindwa kuninyamazisha, maana nilijua ni nani aliyezipoteza zile saa umande ukikauka.

Mjomba alirudi kwetu Newala baada ya mavuno mawili ya kifungo kwa Mreno, amekonda, shingo imekuwa ya mtu mwingine. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, Somoe," alisema. Mama akamwuliza mbele ya wote, "Kaka, ulichelewa wapi siku ile?"

"Nilisahau ugoro wangu kwenye matete," alijibu. "Nikaurudia." Mama mdogo, aliyeificha siri yangu tangu siku ile, akaitikia kwamba ni kweli.

Walimshambulia! Mama alimwita mjinga, bibi akamwita jina nisiloweza kuliandika. Yeye alicheka. Nami, kwa tabia yangu, nikaanza kungoja: huyu ameniwekea deni, atanidai siku moja. Nilingoja nikavunja ungo, nikaolewa, nikazaa wanne. Hakudai, hata kwa jicho.

Ilinichukua umri kuelewa. Bibi hakunidanganya, wajomba waliwahi kutoa watoto, na mila ndiyo iliyowapa nguvu hiyo. Lakini mila ileile ndiyo iliyomkalisha Nangundu kwenye mchanga ule kwa ajili ya dada yake, kisha ikamfanya abebe kosa la mtoto wa dada yake mwingine. Mimi nilifundishwa kutazama upande mmoja tu, nikautazama vizuri mno.

Bibi alikufa akiulaani ugoro ule. Mama naye. Kwenye matanga ya mjomba mwenyewe watu waliucheka tena, na mimi nilikuwepo, mtu mzima, nikacheka pamoja nao. Ninyi mnaosoma ndio wa kwanza kuambiwa ukweli, na waliostahili kuambiwa kabla yenu hawapo tena.