Mbwa wa Mavuno

Mzee Amedeus Mbawala alikuwa na mbwa aitwaye Meneja, na jina hilo halikuja kwa bahati. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja jijini Dar es Salaam, akiwaamkia mameneja, akiwasubiri mameneja wamalize chai, akisaini pale alipoonyeshwa kwa kidole na mameneja. Alipostaafu na kurudi kwao Songea alikuja na mbwa, na kila asubuhi alisimama nyuma ya nyumba yake, pale Mfaranyaki, akipaza sauti hadi barabarani: "Meneja, kaa! Meneja, inuka! Meneja, nimesema kaa!" Wapita njia walidhani mzee kachanganyikiwa. Wapi! Alikuwa anajilipa kiinua mgongo ambacho kampuni ilisahau kumlipa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliyemuuza aliapa kwamba ni mbegu ya Ulaya. Hata kama alikuwa mbegu ya Mbagala, alikuwa mwepesi ajabu, na wepesi ndio hasa Amedeus alioutaka, kwa sababu alikuwa na ugonjwa ambao Songea nzima hapakuwa na mwingine aliyeuugua: mbio za mbwa za vizuizi.

Ugonjwa huo aliuokota Dar. Kila Jumamosi akitoka kazini alipita kando ya uwanja mmoja ambako wenye nazo walishindanisha mbwa wao. Mbwa anaruka fito, anaingia kwenye handaki la plastiki, anapenya vijiti kumi na viwili vilivyopangwa mstari, mwenyewe anakimbia pembeni akimwelekeza kwa mkono, na mwamuzi kashika saa. Amedeus alisimama nje ya uzio na kipande chake cha muhogo wa kuchoma, akatazama mpaka muhogo ukapoa. Kushiriki hakuweza. Aliishi vyumba viwili vya kupanga, maji ya kununua kwa ndoo, na mwenye nyumba aliyekataza hata paka.

"Tatizo si mchezo," alimwambia mkewe, Kunegunda, wiki waliyofunga mizigo. "Tatizo ni Dar. Kwa pensheni hii hapa ningefuga kuku mmoja. Songea nitafuga mbwa wa mashindano."

Na kweli, Songea alijiona tajiri. Nyumba aliachiwa na baba yake, kodi hakuna. Debe zima la mahindi lilikuwa bei ya sahani moja ya chipsi kuku kule Sinza. Aliingia sokoni mikono nyuma, akiuliza bei ya mkungu wa ndizi na kuangua kicheko. "Mkungu wote huu? Dar ungeshtakiwa!" Wauzaji nao si watoto. Baada ya wiki mbili walikuwa na bei ya watu na bei ya Mzee Mbawala, naye aliilipa hiyo ya pili akiendelea kucheka.

Jambo moja lilimpita kando, na lilikuwa kubwa kama nyumba: kilichokuwa rahisi Songea ni kile kilichoota Songea. Handaki la plastiki halioti. Chakula cha mbwa cha mfuko hakioti. Binti yao Pamela, anayeishi Dar, ndiye aliyetumwa dukani, na kila kitu kilipanda basi kama mzigo, kikiongezewa nauli, pesa ya wapakiaji na ya kijana wa bodaboda wa kukitoa stendi. Mfuko mmoja wa chakula cha Meneja ulipofika Mfaranyaki ulikuwa umeshakuwa sawa na magunia mawili ya mahindi. Meneja aliumaliza kwa mwezi, akiwa na adabu zake zote.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kirefu, karibu robo tatu ya ekari, udongo mwekundu uliowalisha ndugu saba wa Amedeus. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kukusanyika, Kunegunda aliomba pesa ya mbegu na mbolea. Hakuomba mara moja. Aliomba asubuhi, akaomba jioni, akaomba wakitoka kwenye sala za jumuiya.

"Mama Pamela," alimjibu mumewe kwa sauti ya mtu aliyesoma, "mahindi ya bei hii mtu analima ya nini? Hayo unanunua tu."

Akachomeka fito zake katikati ya kiwanja, akalaza handaki, akapanda vijiti kumi na viwili mahali ambapo jirani zao walikuwa wanapanda mahindi. Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule. Majani yakaota hadi magotini, na Amedeus akayafyeka kila Jumamosi ili Meneja asiteleze.

Ikafika mwezi wa saba, baridi ya Songea imekolea, na kila ua Mfaranyaki ulikuwa na rundo la mahindi linalopukuchuliwa. Kunegunda alikuwa ananunua unga wa kilo dukani. Mwezi wa saba, Songea, unga wa kilo! Aliubeba chini ya kitenge kama anayeficha chupa ya gongo. Mwanamke aliyemkuta njiani akimuuliza, "Mmevuna salama?" yeye alijibu "Tunashukuru," akaongeza mwendo. Aliona aibu hasa, na mumewe hakuiona kwa kuwa alikuwa anapima urefu wa fito kwa futikamba.

Jumamosi moja, kwenye jumuiya, mwenyekiti wao Skolastika alisoma tangazo la parokia kuhusu Jumapili ya mavuno. Kila kaya ilete kile ilichokitolea jasho mwaka huu, kibarikiwe, kisha kipigwe mnada.

"Dada Skola," Kunegunda aliuliza watu walipokuwa wanatawanyika, "lazima kiwe cha kuliwa?"

"Si lazima. Mwaka jana fundi Thadei alileta kiti."

Kunegunda akasema ahsante, akaenda zake.

Wakati huo akili ya Amedeus ilikuwa Dar. Mashindano yalikuwa mwezi wa nane, ndoto ya maisha yake, na ada alishaituma kwa simu pamoja na malipo ya fundi aliyemtengenezea Meneja kreti la kusafiria, kwa sababu makondakta wote wa mabasi walikuwa wamemcheka. Simuni hamkubaki kitu. Mfukoni alikuwa na laki moja na elfu tano za kusukumia mwezi.

Jumapili ya mavuno Kunegunda aliondoka mapema, akisema anakwenda kusaidia kupanga. Amedeus alichelewa, kama ilivyo desturi ya watu waliokaa mjini, akatoka bila hata kupita nyuma ya nyumba, akasimama nje nyuma kabisa pamoja na wanaume wasiopenda mahubiri marefu. Maandamano ya kupeleka vipaji altareni hakuyaona. Hakuona mkewe akisimamishwa mlangoni na mzee wa kanisa.

"Mama, na huyu mbwa?"

"Ndiyo mavuno yetu."

Mzee wa kanisa alikuna kichwa, akaenda kunong'ona, akarudi, akamfunga Meneja nje upande wa sakristia pamoja na mbuzi wawili. Paroko alipopita na maji ya baraka alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawanyunyizia wote sawasawa.

Mnada ulianza misa ilipokwisha. Aliyeuendesha ni Gaudensi, mwalimu wa kwaya, mwenye sauti ya kuuza hata kivuli chake. Desturi ya hapo ni kwamba mtu akinunua kitu kwa moyo mkunjufu anakirudisha kiuzwe tena, na watu wanampigia vigelegele. Amedeus aliipenda desturi hiyo kuliko kitubio. Likatoka boga.

"Elfu mbili!" akasema mama mmoja.

"Elfu ishirini!" akanguruma Amedeus. "Bei za Songea hizi, jamani! Rudisha, liuzwe tena!"

Vigelegele. Akaja jogoo, akamnunua elfu arobaini, akamrudisha pia, akainua mikono kama mgombea. Kunegunda alikuwa amesimama chini ya ukuta wa kanisa, kafunga fundo kwenye pembe ya kitenge, anamtazama tu.

"Sasa," Gaudensi akasema, na sauti ikatetemeka kwa kicheko alichokizuia, "mavuno ya aina yake."

Meneja akaletwa mbele na kamba shingoni, sikio moja juu, jingine chini. Akamwona bwana wake, akakaa kitako bila kuambiwa.

Amedeus akajipenyeza mbele. "Huyo ni mbwa wangu!"

"Alikuwa wako, Mzee Mbawala. Sasa ni mavuno. Yameandikwa hapa: kaya ya Amedeus na Kunegunda. Wapigieni makofi!"

Watu wakapiga makofi kwa roho moja. Ungemwambia nini paroko aliyesimama pale anatabasamu? Kwamba ulichokitolea jasho mwaka mzima si hiki? Amedeus akasema elfu kumi.

"Elfu kumi na tano," ikasema sauti nyuma.

Alikuwa Otto, mkulima wa Maposeni, mtu wa makamo mwenye mabuti ya mpira, aliyekuja kumsalimia binti yake aliyeolewa Mfaranyaki. Wiki ile alikuwa ameuza mahindi, yale ambayo ngedere na nguruwe pori walimbakizia. Akasogea, akamtazama Meneja meno, akamgeukia Amedeus.

"Shikamoo, mzee. Huyu anafanya kazi gani?"

"Marahaba. Anaruka fito," Amedeus alisema haraka. "Halafu anaingia handakini, halafu anapenya vijiti."

"Akimaliza?"

"Akimaliza anarudi mwanzo."

Uwanja mzima uliangua kicheko, hata masista. Otto peke yake hakucheka. "Basi nitampa kazi," akasema. "Elfu ishirini."

Zikapanda. Thelathini, thelathini na tano, arobaini. Amedeus akatoa noti zake zote, akazihesabu mbele za watu, akasema arobaini na tano. Otto akasema hamsini, bila hata kuingiza mkono mfukoni.

"Ninaahidi sabini!" Amedeus akapaza sauti. "Nitaleta mwisho wa mwezi!"

"Ahadi za mwaka jana bado tunazifuata majumbani," akajibu Gaudensi. "Keshi tu, mzee wangu."

Zile elfu sitini za boga na jogoo zilikuwa kwenye kikapu, hatua tatu kutoka miguuni pake. Amedeus akawapenya watu hadi ukutani alikosimama mkewe. Hakuwa mgombea tena. Alimpenda mbwa yule, na hilo lisichekwe: katika miaka yake sitini ni kiumbe pekee aliyewahi kumngoja yeye aseme ndipo afanye.

"Mama Pamela, niongezee. Najua una pesa hapo kwenye fundo. Nakuomba mke wangu, nitakurudishia."

"Hizi ni za maandazi niliyouza," Kunegunda akasema. "Nimeziweka tangu Kwaresima."

"Ni Meneja! Wanamchukua Meneja!"

"Nilikuomba mbegu mara tatu, Baba Pamela. Ukaniambia mahindi ya Songea ni ya bei ya kutupa." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti haikupanda. "Haya, leo ndiyo nakuja kununua."

Nyuma yao Gaudensi akahesabu moja, mbili, tatu. Otto akalipa, akafungua kamba. Meneja hakutaka kuondoka. Alikaa kitako, akamtazama Amedeus kwenye ule umati, akingoja mkono uonyeshe upande. Otto alikuwa na subira, hakumvuta. Mwishowe Amedeus, kwa kuwa hakuvumilia kumwona mbwa anadhalilika mbele za watu, aliinua mkono wa kulia akaelekeza geti. Meneja akainuka mara moja, akaenda.

"Gunia la mahindi!" akaita Gaudensi. "Kilo mia kavu, halina mdudu!"

Kunegunda alifungua fundo akataja bei yake. Hakuna aliyeongeza juu yake, wala mmoja. Mfaranyaki yote ilikuwa inajua kuhusu ule unga wa kilo, na kumbe ilikuwa inajua siku zote. Hilo lilimchoma Amedeus kuliko kicheko cha mwanzo.

Alisimama kando ya gunia mikono inaning'inia. Kijana wa bodaboda akaleta pikipiki, akakunjua mpira wa kufungia.

"Shika huku," Kunegunda akamwambia.

Akainama akashika pembe mbili za chini. Miaka thelathini na moja alikuwa ameandika magunia yanayoingia na yanayotoka, na hakukumbuka kabisa kwamba gunia ni zito namna hii.