"Wote" na "Nyote"

Shuleni walimwita Nukta, na hakulichukia jina hilo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mwaka wa ishirini na sita, na sentensi isiyofungwa ilimsumbua kama kokoto kiatuni. Hata orodha ya sokoni aliyoandikiwa na mkewe aliipitia kwanza kwa kalamu nyekundu ndipo aende. Lakini alikuwa mtu wa watu. Akisikia sauti yako imekauka kwa kufundisha, angekushikia kipindi bila kuombwa, na asingemwambia mtu.

Jumatatu moja mwalimu wa hesabu, binti aliyekuwa na muhula mmoja tu pale, alibandika karatasi kwenye ubao wa chumba cha walimu: "Nimehamia nyumba mpya. Wote mnakaribishwa chai Jumamosi." Nukta alipita na rundo la insha kwapani, akili ingali darasani. Mkono ukatangulia. Akakata "Wote", akaandika "Nyote", na chini yake, kama alivyozoea: 6/10. Jitahidi.

Kufika mapumziko, chumba kizima kilikuwa kikicheka.

"Mwalimu, umeponea tundu la sindano," mmoja alimtania binti.

Binti naye alicheka, akaibandua karatasi, akaikunja mara nne. Jumamosi hakukuwa na chai. Wiki iliyofuata mkuu wa shule alimnong'oneza Nukta kwamba mwalimu wa hesabu anaandika barua ya kuomba uhamisho, na darasa la mtihani litabaki bila mtu.

Nyumbani alijitetea. "Lakini 'wote' pale ni kosa, Mama Pacha. Nafsi ya pili wingi ni 'nyote'."

"Ni kosa," mkewe alikubali. Naye alikuwa amesoma, hakuwa wa kutishwa kwa sarufi. "Ila binti wa watu amekuita kwake, Baba Pacha, wewe ukampa alama. Katika ukoo wenu, nani aliwahi kukaribishwa chai akampa mwenyeji sita?"

Ukoo ule ulijulikana kwa adabu kabla haujajulikana kwa elimu.

Asubuhi alimkuta binti peke yake, barua mezani.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu."

"Yameisha, mzee. Afadhali umekuja, nipitishie hii macho. Isije nayo ikapata sita."

Akaisoma. Mstari wa tatu ulikuwa na kosa la kumwamsha mtu usingizini. Akaurudisha ukurasa mezani, mikono akaitia mifukoni.

"Mbona huisahihishi?"

"Nikiinyoosha, watakukubalia. Nami sitaki uondoke."

Binti akacheka, safari hii kicheko cha kweli. Akaisukuma barua kando.

"Unajua wanafunzi wangu wanakwama wapi? Si kwenye kuzidisha. Swali likija kwa maneno tu, wamekwisha. 'Imezidi kwa tatu' na 'imezidi mara tatu', kwao ni mamoja."

Nukta akavuta kiti. "Basi hilo si lako peke yako, mwalimu. Ni langu pia. Kipindi chako lini?"

"Alhamisi, cha tatu."

Alhamisi akaingia, akajibana kwenye dawati la nyuma pamoja na wanafunzi. Lilipofika swali la maneno, akainua mkono kuomba ruhusa ya kusema. Binti alimwona, akamwacha asubiri kidogo, ndipo akamwita mbele.